Mtoto Mmoja Mmoja: Vikundi Vidogo Katika Darasa la Watoto Wadogo



Wasomaji wetu watukufu, ukurasa huu wa malezi umezoea kuzungumza na baba na mama juu ya mambo ya nyumbani: chakula, usingizi, adabu na sala. Mwezi huu twaomba ruhusa tuvuke kizingiti cha nyumba, twende hadi darasani kwa watoto wadogo kabisa, wale wa miaka minne, mitano na sita, ambao kila asubuhi mwawavalisha kofia na mitandio, mkawaaga mlangoni, kisha msijue yanayowapata mpaka warudi adhuhuri.

Limetusukuma kufanya hivyo jambo lililotokea katika chuo kimoja cha Mabawa, hapa Tanga. Jina la chuo hatutalitaja, wala jina la mwalimu, wala la mtoto. Makusudio yetu ni kupata mazingatio, na kuumbua watu si kazi ya ukurasa huu.

Katika chuo hicho watoto 40 walikuwa wakikaa juu ya majamvi mbele ya mwalimu mmoja. Mwalimu akitamka, watoto huitikia. Akisema alifu, husema alifu. Akisema moja, husema moja. Na sauti zao zikisikika hata njiani. Nasi tulikuwa miongoni mwa wapita njia waliosimama wakasikiliza, tukasema, "Mashaallah, chuo hiki kinasomesha." Twakiri leo kuwa tulisifu tusichokijua.

Miongoni mwa wale 40 alikuwamo mtoto mwanamume wa miaka mitano, mama yake mpika vitumbua. Mtoto huyu alifungua kinywa wenzake walipofungua, akafunga walipofunga. Alipoulizwa peke yake alinyamaza, au akajibu lisiloulizwa, darasa zima likacheka. Mwalimu akamhesabu mkaidi. Wenzake wakampa jina la utani. Mama yake, alipopewa habari, alimchapa mara mbili tatu kwa kuona haya. Ikapita miezi minane hivyo.

Kisha mwalimu yule akahudhuria mafunzo ya ualimu wa watoto wadogo, akafundishwa kuwagawa watoto katika vikundi na katika kona za kujifunzia. Siku moja alikaa juu ya mkeka na watoto wanane tu, awasimulie hadithi ya sungura. Akaona jambo ambalo hakupata kuliona tangu mwaka uanze: mtoto yule alikuwa hamwangalii machoni, alikuwa akiangalia midomo yake. Mwalimu alipogeuza uso kuzungumza na mwingine, mtoto akapotea katika hadithi. Alipomgeukia tena, akaipata. Akamvuta karibu, akamtazama, akaona usaha umekauka ndani ya sikio.

Mtoto alipelekwa hospitali, akatibiwa. Sikio moja limepona. La pili lingali zito. Sasa hukaa mbele, upande ule wa sikio lililo zima, na aitwapo huitika. Mama yake alipojua kwamba alimchapa mtoto kwa kosa la kutosikia, alilia mbele ya watu. Na mwalimu akasema neno ambalo ndilo lililotufanya tuandike haya. Alisema, "Miezi minane nilikuwa naye kila siku, wala sikuwa naye hata siku moja."

Sauti ya wengi humficha mmoja

Kuitikia kwa pamoja si jambo baya. Wazee wetu walihifadhi kwa njia hiyo, na watoto wa leo huipenda, kwani ina mwendo wa wimbo. Lakini ina kasoro moja kubwa: sauti ya watoto 39 yatosha kumfunika wa 40. Asiyesikia hufunikwa, asiyeelewa hufunikwa, mwenye njaa hufunikwa, na hata aliyekwisha kujua zamani akawa amechoka kungoja naye hufunikwa. Mwalimu husikia sauti moja nzuri, akalala usiku akidhani amewafundisha wote.

Kikundi kidogo huondoa pazia hilo. Watoto sita au wanane wakikaa na mwalimu kwa robo saa, hapana wa kujificha. Hii ndiyo faida yake ya kwanza, nayo yapita ile ya kuchangamsha darasa na ile ya kupamba ukuta kwa picha.

Wako watakaosema kwamba mambo haya ya vikundi na kona ni ya Kizungu, yameletwa ili kuondoa chuo chetu katika asili yake. Twawaomba wakumbuke vyuo vya pwani walivyosomea babu zao. Mle chuoni kila mtoto alikuwa na ubao wake au juzuu yake, na mahali pake alipofikia. Huyu yuko katika alifu kwa kijiti, yule ameanza kuunganisha, mwingine yumo katika Juzuu Amma. Walisoma wote kwa pamoja kwa sauti, kila mmoja lake, kisha mmoja mmoja akaenda mbele ya mwalimu kusikilizwa. Nao wanafunzi wakubwa walikuwa wakiwashika wadogo, huyu watatu, huyu wanne, wakiwasomesha pembeni. Huko kulikuwa ni kugawa watoto kwa vikundi, hata kama hapana aliyekuita kwa jina hilo.

Hata Wazungu wenyewe waliwahi kujifunza jambo la namna hii kutoka Mashariki. Mwishoni mwa karne ya 18, Andrew Bell, mtu wa Skochi aliyekuwa mkuu wa nyumba ya mayatima huko Madras, Bara Hindi, aliwaona watoto wa Kihindi wakijifunza kuandika kwa vidole juu ya mchanga. Akaichukua njia hiyo, akawaweka wanafunzi wakubwa wawasomeshe wadogo, na mwaka 1797 akachapisha habari zake mjini London. Basi tusione haya kukipokea tena kitu ambacho sehemu yake ilitoka katika jamvi kama la kwetu.

Na juu ya yote hayo yako mafunzo ya Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Ibn Mas'ud (R.A.) ametupa habari kwamba Mtume alikuwa akichagua nyakati za kuwawaidhi Masahaba, akichelea wasije wakachoka. Ikiwa watu wazima, tena Masahaba, walichelewa uchovu, itakuwaje kwa mtoto wa miaka mitano aliyekalishwa saa mbili bila kujinyosha? Naye pia ametusimulia kwamba Mtume alichora mraba, akapitisha katikati yake msitari utokao nje, ili kuwaeleza watu habari ya umri wa mwanadamu na matumaini yake. Huko ni kufundisha kwa kitu kionekanacho kwa macho. Na Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ameandika katika kitabu chake cha Ihyaa kwamba mtoto atokapo chuoni yafaa aruhusiwe mchezo mzuri, kwani kumnyima mchezo na kumlemea kwa masomo daima huufisha moyo wake na kuizima akili yake.

Yaliyofanyika ng'ambo ya Horohoro

Mfano ulio karibu nasi zaidi uko kwa ndugu zetu wa Mombasa, ng'ambo ya mpaka wa Horohoro. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Waislamu wa Pwani ya Kenya walimwendea Aga Khan, wakamweleza kwamba watoto wao wamebaki nyuma katika elimu, na wafikao vyuo vikuu ni wachache. Jambo hilo likachunguzwa, na ikaonekana kwamba dawa haina budi ianzie chini, katika miaka ile kabla mtoto hajaingia skuli ya msingi. Hapo ndipo ulipozaliwa mpango wa skuli za awali uliopewa jina la Madrasa, ukiongozwa na Bi Swafiya Said, mwalimu wa Mombasa, na kusaidiwa na Shirika la Aga Khan Foundation. Kutoka Mombasa ukaenda Unguja mwaka 1990, na Uganda mwaka 1993.

Walimu wa mpango huo walikuwa, kwa sehemu kubwa, wanawake wa mitaa ile ile, wengi wao hawakupata masomo mengi, wakafundishwa kazi wakaiweza. Wenye mtaa ndio waliounda kamati na kutoa mahali. Qur'ani na adabu za Kiislamu zilikaa pamoja na hesabu, lugha na mchezo katika asubuhi moja. Vifaa vilitengenezwa kwa vitu vya hapo hapo: vifuu, makuti, kombe za pwani, makopo na mbao za masanduku.

Katika kupanga darasa waliazima pia kutoka mbali, wakafaa kwa mazingira yao. Huko Ypsilanti, katika jimbo la Michigan, Marekani, ilianza mwaka 1962 skuli ndogo ya watoto wa familia maskini, na mwendo wake ulikuwa mambo matatu: mtoto apange atakachofanya, akifanye, kisha akae akumbuke alichokifanya. Watoto 123 waliochunguzwa, waliosoma humo na wasiosoma, walifuatwa hata wakatimia miaka 40, na wale waliosoma humo wakaonekana wamepata kazi kwa wingi zaidi na kukamatwa kwa makosa kwa uchache zaidi. Na mwaka 2008 ulichapishwa uchunguzi juu ya mpango wetu wa Afrika ya Mashariki. Ulionyesha kwamba watoto waliosoma skuli yoyote ya awali waliwapita kwa maarifa waliobaki nyumbani, na wale wa skuli za Madrasa waliendelea kuliko wa skuli nyingine za awali.

Hapa Tanzania nako, Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliifanya elimu ya awali ya mwaka mmoja kuwa ya lazima, na mtaala wa elimu ya awali wa mwaka 2016 ukazitaja kona za kujifunzia. Kipimo kilichowekwa ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Lakini ada zilipoondolewa mwaka huo huo, madarasa mengi yalijaa kupita kipimo hicho. Kwa hiyo swali la mwalimu wa Mabawa ni swali la walimu wengi: je, kwa watoto 40 na mikono miwili, kona zawezekana?

Siku ya kwanza iliyoharibika

Mwalimu wetu alitusimulia bila kuficha jinsi alivyoanza vibaya. Alirudi kutoka mafunzoni na shauku kubwa, akafungua kona sita kwa siku moja. Kufikia saa nne mchanga ulikuwa umeingia katika ndoo ya maji, maji yamemwagika juu ya vitabu, watoto 15 wamejazana katika kona ya nyumba wakigombea kinu, na mmoja amejitia kunde puani. Siku ya pili wazazi watatu walikuja wakauliza kama hapa ni chuo au ni soko. Mwalimu alifikiri kuirudia njia yake ya zamani moja kwa moja.

Mzee mmoja wa msikitini, ambaye kazi yake ni useremala, ndiye aliyemwambia, "Mwanangu, mimi sijengi paa kabla ya nguzo. Anza na moja." Akaanza tena na kona moja. Haya yafuatayo ndiyo aliyojifunza, nasi tumeyapanga kwa manufaa ya walimu na ya wazazi wanaotaka kuelewa.

Jambo la kwanza, kona huzaliwa moja moja. Juma zima watoto walifundishwa kona ya kujengea peke yake: vitu vinakaa wapi, vinachukuliwaje, vinarudishwaje. Kona ya pili ikafunguliwa juma la pili. Kona zote sita zilikamilika kwa muda wa mwezi na nusu: ya kujengea, ya nyumba, ya vitabu, ya kuhesabu, ya kuchora na kuandika, na ya mchanga na maji. Hakuna kitu kipya kiwekwacho katika kona kabla mwalimu hajakaa na watoto akawaonyesha matumizi yake.

Jambo la pili, kona ina mipaka na ujirani. Mpaka si lazima uwe ukuta. Mkeka watosha, au benchi, au leso iliyotundikwa kwa kamba ya mkonge. Kona ya vitabu isikae jirani na ya kujengea, kwa sababu ya kelele. Mchanga na maji vitoke nje, chini ya mwembe. Mapazia na makabati yawe mafupi, ili mwalimu akiwa amekaa chini aone vichwa vyote. Naye akae mgongo ukielekea ukutani, asimpe mgongo mtoto yeyote.

Jambo la tatu, idadi ijisimamie yenyewe. Kila kona ina misumari saba ubaoni, na kila mtoto ana kadi yake yenye alama, kwani wengi hawajajua kusoma majina yao: huyu samaki, yule mwezi, yule nazi. Mtoto aingiapo kona hutundika kadi yake. Misumari ikijaa, kona imejaa, na hapana haja ya mwalimu kupiga kelele. Kona sita kwa misumari saba ni nafasi 42 kwa watoto 40, hata wa mwisho kuchagua abaki na la kuchagua. Aliyekosa leo huandikiwa, na kesho ni wa kwanza. Nayo ahadi hiyo haina budi itimizwe, maana mtoto aliyevunjiwa ahadi mara moja hujifunza kusukuma.

Jambo la nne, wakati ugawanywe. Dakika tano za kupanga, kila mtoto aseme atakwenda wapi na atafanya nini. Dakika 30 za kufanya. Lakini majuma ya mwanzo robo saa yatosha. Kabla ya kumaliza mwalimu hupiga makofi mara tatu kuwaonya kwamba wakati wakaribia, kwani hata mtu mzima huchukia kunyang'anywa kazi ghafula. Kisha dakika tano za kurudisha vitu, na kumi za kukaa pamoja kukumbuka. Vitu hurudishwa huku kaswida fupi ikiimbwa. Kaswida ikiisha, jamvi liwe safi.

Jambo la tano, nalo ndilo kubwa, ni mahali pa mwalimu. Dakika za mwanzo huzunguka kuona kila kona imetulia. Kisha hukaa na watoto wanane juu ya mkeka wake kwa robo saa, wengine wakiendelea na kazi walizokwisha zizoea. Wanane kwa siku, siku tano kwa juma, ni watoto 40. Basi hapana mtoto apitishaye juma zima bila kuonwa na mwalimu wake uso kwa uso. Ana daftari, na kila mtoto ana ukurasa wake: huyu ahesabu hadi tisa kisha huruka, yule hashiki kalamu vizuri, yule tangu juzi amenyamaza, aulizwe mama yake.

Jambo la sita, vikundi vichanganywe. Lipo shauri baya la kuwaweka wepesi peke yao na wazito peke yao mwaka mzima. Mtoto wa miaka mitano hujua upesi sana kwamba kikundi chake ni cha wazito, na akishajua huacha kujaribu. Mwalimu aweza kuwakusanya wachache siku moja kwa jambo moja lililowashinda, kisha awarudishe kwa wenzao.

Na jambo la saba ni usalama. Kunde, shanga na kokwa ndogo ziwekwe chini ya jicho la mwalimu, zihesabiwe zitolewapo na zirudipo, wala wasipewe watoto walio chini ya miaka mitatu. Kingo za makopo zipigwe nyundo zilale. Ndoo ya maji isibaki na maji baada ya mchezo.

Hata hivyo twasema kweli: mikono miwili kwa watoto 40 ni michache, hata kwa mpango mzuri. Ilipofika mwezi wa pili, wazazi wa chuo kile walipanga zamu, kila siku mama mmoja au dada aliyemaliza skuli akae na kona ya nje. Kazi yake si kusomesha. Ni kuwa jicho la pili. Bila ya jicho hilo mwalimu asingeweza kukaa juu ya mkeka hata dakika tano.

"Mwanangu acheza tu"

Wazazi wengi husema hivyo, nasi hatuwalaumu, kwani wametoa fedha na wanataka kuona herufi daftarini. Lakini twendeni tukaangalie pamoja.

Mtoto aliye katika kona ya kujengea akiweka kifuu kikubwa chini na kidogo juu, akaona vikiwekwa kinyume huanguka, amejifunza kipimo na mizani. Aliye katika kona ya kuhesabu akitia kombe tano katika pakacha hili na tatu katika lile, kisha akazichanganya, amejua kujumlisha kabla ya kuiona alama yake. Aliye mchangani akifuata kwa kidole umbo la be, mkono wake wajiandaa kushika kalamu. Aliye katika kona ya nyumba, akimkaribisha mwenzake kwa salamu, akamnawisha mikono, akasema bismillahi kabla ya kumpa kitumbua cha udongo, asoma adabu ambayo hotuba kumi hazimtii moyoni.

Palikuwa na mzazi aliyechukizwa na wanasesere wa matambara katika kona hiyo. Mwalimu alimjibu kwa upole kwamba Bibi Aisha (R.A.) alikuwa na wanasesere wake, na rafiki zake wakija kucheza naye, na Mtume (S.A.W.) akiwaruhusu. Mzazi akanyamaza, na Ijumaa iliyofuata alileta kitambaa.

Na liko somo moja ambalo halimo katika kona yoyote, bali limo katika mwendo wa zote. Mtoto asubiriye msumari uwe wazi ajifunza subira. Arudishaye kifuu mahali pake ajifunza amana. Asemaye "tafadhali nipishe" badala ya kusukuma ajifunza haki ya jirani. Akumbukaye mbele ya wenzake na kusema, "Nilisema nitajenga msikiti, lakini mnara ukaanguka, kesho nitaujenga tena," huyo ajifunza ukweli na kutokata tamaa. Watu wazima wangapi wa mitaa yetu wangefaa kukaa katika darasa hilo!

Wajibu wetu

Basi twawaomba wasomaji wetu mambo matatu, nayo hayahitaji fedha nyingi.

La kwanza, nendeni mkawaone watoto wenu wakisoma. Msiende siku ya mahafali tu, wakati kila mtoto amevaa nguo mpya na kukariri alilofundishwa. Nendeni siku ya kawaida, mkae nusu saa kimya. Mwulizeni mwalimu swali hili: "Umepata kukaa na mwanangu lini, na uliona nini?" Ikiwa hana jibu, msimgombeze, mwulizeni ana watoto wangapi, na ni nani amsaidiaye.

La pili, toeni mikono yenu. Fundi seremala apige rafu mbili. Mvuvi alete kombe zilizooshwa. Mama alete vifuu baada ya kukuna nazi, na kila mtu atoe kopo moja. Vijana mliomaliza skuli, ambao mwauliza mtaitumikiaje dini yenu, lipo jamvi chini ya mwembe lenye nafasi ya mtu mmoja asubuhi moja kwa juma.

La tatu, mwangalieni mtoto wenu nyumbani kama mwalimu yule alivyojifunza kuangalia. Mwiteni kwa sauti ndogo akiwa amewapa mgongo. Tazameni masikio yake, na mkiona usaha mpelekeni hospitali upesi, msimtie mafuta wala dawa ya kubahatisha. Na kabla ya kumchapa mtoto kwa kutoitika, hakikisheni kwamba amesikia.

Mtoto ni amana, na amana haihesabiwi kwa mafungu. Mtu aliyewekeshwa vitu 40 akarudisha 39 hasemi kwamba amerudisha vyote. Vivyo hivyo mwalimu, na vivyo hivyo sisi wazazi na majirani, tutaulizwa habari ya kila mmoja kwa jina lake.

Juma lililopita tulipita tena kando ya chuo kile cha Mabawa. Hatukuisikia ile sauti moja kubwa. Tulisikia vishindo vya vifuu, mtoto akihesabu kwa Kiarabu, mwingine akisema "Assalaamu alaykum, hodi," na katikati ya hayo sauti ndogo ya mwalimu ikisimulia hadithi. Tulitazama dirishani. Mtoto mmoja wa mbele aligeuza sikio lake la kulia, akacheka mahali penye kuchekesha, sawa na wenzake.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awape walimu wa watoto wetu subira, awape watoto afya ya masikio, macho na nyoyo, na sisi atujaalie tuwe wenye kuona. Amin.